Hadithi za Mama Riziki

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye shirika la uchapishaji la Gitega, Burundi, bosi wangu, Shefu wa Usahihishaji, alinipokea bila kuinua macho. Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nilikokulia, na cheti changu cha sekondari nilikibeba kwenye mfuko wa plastiki. Akanisukumia prufu, yaani karatasi za majaribio zinazotolewa kabla kitabu hakijachapwa. "Mi nasoma makosa ya Kifaransa," akasema. "We umesoma Tanzania. Kiswahili yote iko yako."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya hadi kustaafu. Nyinyi mnaosahihisha kwenye kompyuta hamwezi kujua jinsi tulivyozijua hati za mikono ya waandishi. Mswada wa yule tuliyemwita Mwalimu niliutambua kwa mbali, maana kila neno alilolikata alilipigia mstari mmoja wa rula. Huyu alikuwa mwandishi wa riwaya aliyejulikana nchi nzima. Aliandika kwa Kifaransa juu ya vita na makaburi, na watu walimsalimia njiani kwa sauti ya chini, kama waliofika matangani.

Wakimbizi walipoanza kurudi kwa wingi kutoka kambi za Tanzania, Mkurugenzi alinihamishia Muyinga, kwenye ofisi ndogo ya vijitabu vya Kiswahili. Vilivyopendwa zaidi vilikuwa hadithi za mapenzi za mtu aliyejiita Mama Riziki. Mswada wake ulipofika mezani kwangu kwa mara ya kwanza, niliiona ile mistari ya rula. Nikanyamaza, kwa kuwa jina la bandia ni amana.

Nilipopeleka prufu Gitega nilimwuliza Mwalimu faraghani kwa nini anajificha. Alinieleza kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya mama yake, aliyeuza vitenge sokoni, na kwamba watu wakiona jina lake hujiandaa kulia. Naye alitamani kuwapa furaha.

Asubuhi moja akaingia ofisini mama kutoka Butihinda, Mama Jeneroza, na kijitabu kilichochakaa mkononi. Katika hadithi ile mke anarudi kutoka ukimbizini, anamkuta mumewe akimsubiri, nyumba imeezekwa upya. Alikisoma kambini, kikampa moyo wa kurudi na wanawe wawili. Lakini yeye alimkuta mumewe na mke mwingine, na watoto wengine. Hakuja kugombana.

"Nataka kumwuliza Mama Riziki," alisema. "Yule mke wa hadithi angekuta hivi, angefanya nini?"

Mkurugenzi aliniagiza nimwandikie barua ya pole, yaishe. Mimi nikapanda gari la Gitega, nikamweleza Mwalimu yote.

"Riwaya zangu zilisifiwa," akasema, "lakini hakuna aliyebeba watoto wake akafuata nilichoandika."

Wiki hiyohiyo alikuja Muyinga, ingawa Mkurugenzi alimwonya kwamba wasomi wangemcheka. Akavua kofia, akaketi mbele ya Mama Jeneroza.

"Mama Riziki ni mi, mama. Na jibu la swali lako sina."

"Basi sikiliza," Mama Jeneroza akasema.

Mwalimu alimsikiliza mpaka adhuhuri. Baadaye bashingantahe, wazee wanaoamua kesi za kijijini, walipokutana kuamua juu ya shamba la mumewe, Mwalimu alikuwepo, ameketi nyuma. Mama Jeneroza alipewa sehemu yake, akajenga.

Mwaka ule hatukupata mswada wa Mama Riziki. Ulipokuja, ulihusu mke anayerudi na kukuta moshi wa jiko la mwingine. Mwalimu aliniomba nikamsomee Mama Jeneroza kwanza. Nilimsomea shambani kwake, naye akasahihisha mahali pamoja tu: mke yule alikuwa analia mno. Nafasi ya kulia, alisema, haikuwepo. Mvua ilikuwa karibu na mbegu hazijapandwa. Nilikata ukurasa mzima, na Mwalimu hakubisha.

Nilikuwa nimestaafu Mwalimu alipofariki. Huwa nawaambia vijana kwamba nimesahihisha maelfu ya kurasa, na ule nilioukata kwa neno la mkulima ndio ninaojivunia. Kwenye mazishi yake Gitega yalisomwa majina ya riwaya zake zote. Mama Riziki hakutajwa. Mama Jeneroza alikuwa amesafiri kutoka Butihinda, amesimama mwishoni mwa mstari wa waombolezaji. Msimamizi akamwuliza marehemu alikuwa nani wake.

"Alinisikiliza," akajibu, "kabla ya kuandika."