Ubao wa Mvule na Jua la Voi

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio hupata moto, kisha nacheka. Ilikuwa miaka ya hamsini na kitu. Nilikuwa bibi arusi wa miezi mitano, nimeshuka kutoka Mgange, milimani, kuja kuolewa Voi. Mume wangu alikuwa fundi wa reli, na tuliishi kwa mama yake, Mama Mghoi. Mimi nilijiona najua kazi zote za nyumba. Usinicheke, hata wewe unajiona hivyo.

Jikoni kwa Mama Mghoi kulikuwa na ubao mmoja mpana wa mvule, umelazwa juu ya kuta mbili fupi za matofali. Hapo ndipo alipokandia unga, akakatia mboga, akapangia sahani. Marehemu mume wake aliuranda kwa mikono yake mwenyewe, na ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho. Kwa miezi mitano sikuruhusiwa kuugusa. Nilipewa sufuria, nikapewa kuni, nikapewa ndoo. Ubao, hapana. Iliniuma sana, maana niliona kwamba bila mahali pa kukandia mimi ni mgeni tu katika nyumba ile, hata nikiitwa mke.

Basi dada yake Mama Mghoi akaugua kule Makwasinyi, ikambidi aende kumwuguza siku nne. Kabla ya kupanda lori aliniachia jiko lote. Akanisihi niuweke ubao safi, kwa sababu Jumapili ya wiki iliyofuata watu wa kwetu wangeshuka kwa mara ya kwanza kuona nilivyopokewa, na chapati zao zingekandiwa hapo. Kichwa kikanivimba. Nikaapa nitauosha mpaka ashangae.

Sasa sikia kosa langu. Kwetu Mgange ukungu hukaa juu ya mapaa hadi saa sita mchana. Chombo cha mti ukikiosha na kukiacha ndani, baada ya siku mbili kimeshaota kuvu. Kwa hiyo mwanamke nadhifu wa kwetu humwaga maji tele, husugua kwa jivu, na jua likichungulia tu, hukimbia kuanika. Nami nikafanya vivyo hivyo. Niliutoa ubao nje, nikaumwagia ndoo mbili, nikausugua ukang'aa, nikaulaza chini kwenye jua la Voi, halafu nikaenda zangu kuteka maji na kupiga soga na wenzangu. Niliporudi alasiri, ubao ulikuwa umepinda, kingo zake mbili zimeinuka kama sinia.

Hofu ilinishika, na hofu ikanifundisha ujinga. Nikaurudisha mahali pake, nikaugeuza chini juu, nikatandika kitambaa changu cha kufuma, kile nilichopewa siku ya arusi. Nikajipa moyo kwamba hataona. Asione! Mama Mghoi alirudi, hata kilemba hajavua, akapitisha kiganja juu ya kitambaa. Kiganja kikapanda, kikashuka. Akakiondoa kitambaa polepole, akakikunja vizuri, akanipa mkononi.

"Ubao kupinda nimekusamehe," alisema. "Wewe ni mtu wa baridi, hukulijua jua letu. Lakini hiki kitambaa, Wakesho, ulikitandika ukijua. Leo unanificha ubao. Kesho mtoto akiungua, utanificha pia?"

Nililia, nikaomba msamaha. Hakuongeza ukali. Alisema tu kwamba mimi ndiye niliyeupinda na mimi ndiye nitakayeunyosha, na kama Jumapili itafika haujanyooka, atamwambia mama yangu ukweli, kwamba bado sijafaa kuachiwa jiko. Zilibaki siku nane.

Niliketi mbele ya ule ubao nikautazama. Nikajiuliza mbona umejikunja upande mmoja na si mwingine. Ndipo nikaelewa. Upande uliotazama jua ulikauka upesi ukasinyaa, na ule uliolala chini ulibaki na unyevu wake. Basi uliokauka ndio uliokuwa na kiu. Nikalowesha magunia mawili ya katani, nikayatandaza kivulini nyuma ya nyumba, nikaulaza ubao juu yake, upande wenye kiu ukiyagusa, nikaupandishia mawe. Asubuhi na jioni niliyalowesha tena. Mama Mghoi alipita, akatazama, akaguna, akaenda zake. Siku ya tatu aliniletea mawe mengine mawili mazito, nikajua niko kwenye njia. Siku ya tano ubao ulikuwa sawa. Akaniambia niusimamishe ndani, upepo uupitie pande zote mbili, kisha niupake mafuta ya nyonyo kidogo, juu na chini, na kufuta yatakayobaki.

Jumapili watu wa kwetu walifika, pamoja na shangazi zangu wenye macho ya kupekua. Jiko likajaa wanawake. Mama Mghoi akatua katikati ya ubao kikombe cha chai kilichojaa pomoni. Halikumwagika tone. Akamgeukia mama yangu.

"Huu ubao binti yako aliupinda, na akaunyosha mwenyewe," alisema. "Leo mimi ni mgeni wake. Wakesho, sogea mbele, ukande."

Mama yangu akapiga vigelegele, shangazi wakapokea. Nilikanda unga ule huku nikilia na kucheka. Chapati ziliwatosha wote, na nyingine wakafungiwa za kupanda nazo mlimani. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya. Meza yako ya jikoni ijue kwanza ni ya kitu gani, na mahali ulipo pana hewa gani, kabla hujaiendea na maarifa ya kwenu. Ya mti usiiogeshe. Ifute kwa kitambaa kilichokamuliwa, panaponuka sugua kwa chumvi na kipande cha ndimu, ikaushe papo hapo, na juani usiipeleke. Mafuta unayoupa upande wa juu, wa chini nao uupe. Na ukiharibu kitu cha mtu, mwambie mwenyewe siku hiyohiyo, mpokee mlangoni na neno hilo kabla ya salamu. Aibu yake ni ya dakika moja tu.

Mungu akujalie jiko lako mwenyewe. Akupe mama mkwe mwenye jicho kali na moyo mpana. Na siku utakapotajwa mbele ya watu wa kwenu, utajwe kwa kuambiwa usogee mbele, ukande.