Jina la Mungu katika Pipa la Karatasi

Ghorofa letu la South Beach, huku ugenini, lilikuwa refu hata mawingu yalipita kwa kuomba ruhusa. Asubuhi za Jumanne ukungu wa bahari ulitambaa mpaka ukumbi wa chini, na katika weupe ule yakaonekana, kama ndotoni, mapipa matatu: la chupa, la makopo, la karatasi. Sheria mpya ilibandikwa ukutani: kila mtu atenge taka zake, na atakayevuruga mapipa ataandikiwa barua. Barua tatu, unahama. Mimi, msomi wa masomo ya jioni, nililisomea jengo zima tangazo hilo kwa sauti ya waziri.

Barua mbili tulikwisha kuzipata. Mwenzangu wa chumba, muuza kofia kutoka Tanga, hakuchanganya taka hata siku moja. Kosa lake lilikuwa kuzitoa. Kwao karatasi yenye maandishi ya Kiarabu haitupwi, huenda ina jina la Mwenyezi Mungu. Basi kila Jumanne, gari la taka halijafika, alizama pipani mpaka kiunoni, akapekua karatasi za ulimwengu mzima, zikazagaa sakafuni kama povu.

Jumanne hiyo mlinzi wetu, mzee wa Kikongo, alimkuta humo. Barua ya tatu alikuwa nayo mkononi.

“Eish, ndugu! Unatafuta nini mule? Pesa, mafranga?”

“Natafuta jina la Mungu, mzee wangu, lisije likasagwa pamoja na magazeti ya mpira.”

“Na leo umeliona?”

Mwenzangu akainua ukurasa wa kalenda ya msikiti, umelowa chai. “Hili hapa.”

Mzee aliupokea, akautazama. Nilishaona magodoro yetu yakielea barabarani kuelekea vitongoji vya Westville. Kisha akavua kofia.

“Miye niko Katoliki. Lakini Mungu, hatuwezi kumutupa.” Akaikunja barua, akaitia mfukoni. “Sasa sikia. Kila Jumanne utapanga karatasi ya jengo yote, ufunge na kamba. Na huyu musomi wako atasaidia.”

“Mimi tena? Mimi nimekosa nini?”

“Weye ulisoma sheria kwa sauti kubwa.”

Tukakaa sakafuni, tukaanza kufunga. Mwenzangu akaweka kando kurasa zake za kupeleka msikitini Chatsworth. Mimi nikasoma risiti za samaki na barua za mapenzi zilizochanwa, polepole, kama mtu asiye na pengine pa kwenda, wala haja ya kwenda.