Farasi Aliyefunzwa Kusimama

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa sketi ya kanisani. Chekeni tu, hata mimi hucheka. Babangu alikuwa mkamuaji kwenye shamba moja la ng'ombe kule Njoro, na aliamini mtu akienda kwa mwajiri lazima awe nadhifu. Basi nikafika kwenye lango la ranchi kule Ndabibi, viatu viking'aa na kitambaa kipya kichwani, nikaelekezwa kwenye mabanda ya farasi. Huko nilimkuta Nyapara wa Farasi, mzee mwenye matege ya mtu aliyeishi juu ya tandiko. Alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Wewe msichana, umekuja kuandikwa ama umekuja kuolewa?"

"Nimetumwa na Madam," nikasema.

"Madam alikuona na hiyo sketi?"

"Aliniona juu ya punda."

Hiyo ilikuwa kweli tupu. Madam, mwenye ranchi, alikuwa amekuja Njoro kununua mitamba, akanikuta nikirudi kutoka kupeleka maziwa, nimempanda punda wa baba bila tandiko, mikebe mitupu ikigongana huku na huku, na punda amekasirika. Sikuanguka. Madam alimwambia baba kwamba msichana anayeweza kukaa juu ya punda mwenye hasira anaweza kukaa juu ya chochote. Nyapara aliposikia hayo alinirushia ovaroli iliyopauka na kunionyesha sepetu. "Haya. Kabla uguse farasi, utajuana kwanza na mavi yake."

Nilijuana nayo vizuri. Cheo changu kilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, na saisi wa wakati ule hakupanda farasi mpaka ajue kumwosha, kumchana, kumwinua mguu na kukwangua uchafu ndani ya ukwato. Nilijifunza kumvalisha lijamu, kile chuma cha mdomoni, bila kumgonga meno. Nilijifunza kukaza mkanda wa tandiko mara mbili, kwa sababu farasi mjanja huvuta pumzi na kuvimbisha tumbo ukikaza mara ya kwanza, kisha ukishapanda huitoa, tandiko likageuka nawe ukajikuta chini ya tumbo lake. Na kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: tukirudi kutoka malishoni, hakuna aliyegusa chai kabla farasi wake hajasuguliwa jasho na kunyweshwa maji. Nyapara alikuwa akipita na kikombe chake kikiwa kitupu, na macho yake yakitosha kumfanya mtu arudishe mkate kwenye sahani.

Vijana huniuliza farasi alikuwa wa nini ilhali kuna pikipiki. Pikipiki haina masikio, wanangu. Sisi tulikuwa tukizunguka ua, tukitafuta ng'ombe waliojificha kuzaa, na kuwashusha wengine kwenye josho waoshwe kupe. Kule Ndabibi kuna vichaka vya leleshwa vinavyomfunika mtu na kofia yake, na ndani mnaweza kuwa na nyati. Farasi humsikia nyati kabla hujaota kwamba yupo. Mara nyingi Jemadari, farasi wangu mwekundu mwenye baka jeupe usoni, alikataa kupita mahali fulani, nami nikamtii, na ndiyo sababu niko hapa nawapigia domo.

Jemadari ndiye kiini cha habari hii, kwa hiyo nimweleze vizuri. Siku moja mwenzetu alipigwa na tawi la leleshwa akaanguka, mguu ukanasa kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Farasi wake alishtuka akapiga shoti, akamburuta mpaka kwenye ua. Alipona, lakini nyonga yake haikuwa nyonga tena. Kuanzia hapo, nilipopewa kazi ya kufundisha farasi wachanga, niliwafunza, na Jemadari pamoja nao, jambo moja kabla ya yote: uzito wa mpandaji ukiyumba upande, simama. Nilikuwa naegemea kushoto kama mlevi, farasi akisimama nampa kiganja cha pumba za ngano ya Njoro. Naegemea kulia, vilevile. Hawakuchukua muda kuelewa. Pumba za Njoro ni walimu wazuri.

Meneja wa ranchi hakupenda hata kidogo. Alikuwa mtu mrefu, mchapa kazi, ajuaye ng'ombe kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, na nawaambia hili msije mkamdhania vibaya. Alisema farasi wangu wameharibiwa. Na kweli, ukimkimbiza fahali, ukaegemea kidogo kumchapa, farasi anasimama tisti na fahali anakwenda zake kwenye mahindi ya jirani. Siku moja yeye mwenyewe alimpanda Jemadari pale joshoni, akainama upande ili atazame kiwele cha mtamba. Jemadari akasimama. Meneja hakusimama. Alipita juu ya shingo na kutua kwenye matope ya josho, na masaisi wote tukashikwa na kikohozi.

Aliinuka, akajipangusa usoni, akasema, "Rael, sikiliza. Farasi ni ya kukimbiza ng'ombe. Si ya kungojea mtu."

"Ndiyo, Meneja," nikasema. Nikaendelea kuwafunza vilevile.

Miaka ikaenda, Nyapara akastaafu, nikapewa kiti chake. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kukikalia, na waliosema sitadumu niliwaandalia kazi ya kutosha wasipate nafasi ya kusema. Nikamiliki funguo za chumba cha matandiko. Kisha pikipiki zikaja kweli, na Meneja akaanza kupunguza farasi. Desturi ya ranchi ilijulikana. Farasi aliyechoka hauzwi, kwa sababu akiuzwa ataishia kuvuta mkokoteni wa mawe mpaka afe. Alipelekwa nyuma ya josho asubuhi, akapewa karoti, na bunduki ikafanya haraka. Watu waliiona ni huruma. Nami niliiona hivyo, mpaka zamu ya Jemadari ilipofika. Nilimpenda yule farasi. Nilimpenda kuliko watu kadhaa wa ukoo wangu, na wao wanajua.

Wakati huohuo alikuwepo mtoto. Mamake alikuwa ametoka Kabazi kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya maua, akapanga chumba karibu na lango letu. Kila Jumapili alipita akienda kanisani na bintiye Nyambura mgongoni, ingawa Nyambura alikuwa mkubwa wa kutosha kwenda shule. Miguu yake haikumtii tangu kuzaliwa, ilikuwa migumu na kusokotana. Lakini akimwona Jemadari alipiga kelele za furaha mpaka njiwa wakaruka paani. Jumapili moja nikamwambia mamake, "Mama Nyambura, mlete nimkalishe juu kidogo."

"Ataanguka!"

"Huyu farasi haangushi mtu. Isipokuwa Meneja."

Tulimkalisha kwenye blanketi, bila tandiko, mimi nikishika hatamu na saisi mmoja akimshika kiuno. Joto la farasi lilimwingia yule mtoto miguuni, na mwendo wake wa polepole ukamtikisa nyonga kama mtu anayetembea. Tulizunguka uwanja mara chache. Tulipomteremsha, miguu ilikuwa imelegea, na Mama Nyambura akaketi chini akalia. Nilimtafuta daktari wa mazoezi ya viungo kutoka Nakuru, mwanamke mwenye subira, akaja akatufundisha namna ya kumkalisha na namna ya kumnyoosha. Kila juma Nyambura alikaa wima zaidi. Wazazi wengine wakasikia, wakaanza kuja na watoto wao.

Meneja aliniita ofisini. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

"Rael, hapa ni ranchi, si hospitali. Huyo mtoto akianguka, nani atajibu mamake? Na Jemadari si alikuwa aende Jumatatu?"

"Alikuwa aende. Nimemshikilia."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ngoja Madam aje aone na macho yake. Akisema aende, nitampeleka mwenyewe nyuma ya josho, na karoti nitampa mimi."

Akatazama dirishani. "Sawa," akasema. "Madam akuje."

Madam alikuja, mzee tayari, na fimbo mkononi. Akaketi kwenye kiti uwanjani, Meneja amesimama nyuma yake. Nilimpandisha Nyambura kwa hofu, mimi niliyekuwa siogopi hata nyati. Nilijua nikikosea, farasi atakufa, na watoto wale watarudi mgongoni mwa mama zao. Tulikwenda vizuri mpaka kona ya mbali. Hapo mbwa wa Madam akamfumania ngiri kwenye nyasi, ngiri akatoka mbio, mkia juu, akapita karibu na miguu ya Jemadari.

Jemadari alishtuka, farasi yeyote angeshtuka. Alirusha hatua moja kando. Nyambura akateleza upande, saisi aliyemshika akajikwaa, na mimi nilikuwa mbali naye kwa urefu wa hatamu. Jemadari akahisi uzito unakwenda. Akasimama. Ngozi yake ilikuwa ikitetemeka mwili mzima, macho yamemtoka, kila kiungo kikimwambia akimbie, na hakuinua ukwato. Nilimfikia mtoto, nikamrudisha katikati. Mamake alikuwa amefunika uso kwa leso. Nyambura alikuwa anacheka.

"Tena!" akasema. "Jemadari, tena!"

Madam aliuliza, "Nani alimfundisha kusimama hivyo?"

Nilifungua mdomo, lakini Meneja akanitangulia. "Ni Rael," akasema. "Na mimi nilimkataza."

Sijawahi kulisahau neno lake hilo. Angeweza kunyamaza.

"Basi Jemadari abaki," Madam akasema. "Na wazee wenzake wote. Lakini ni wako, Rael. Utawalisha wewe."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa tajiri wa farasi wasio na kazi na maskini wa kila kitu kingine. Nilipostaafu niliwahamishia Njoro, kwenye ekari alizotuachia baba, nikalima nyasi mahali ambapo ndugu zangu walitaka nilime ngano. Waliniita mwendawazimu, kisha wakaanza kuniletea majani makavu baada ya kuvuna. Watoto huja kutoka Subukia, Molo, hata Nakuru mjini, na hakuna anayelipa. Jumamosi huja wanafunzi wa chuo kikuu kusaidia. "Shosho, hii horse inauma?" wananiuliza mimi bibi yao. Nawajibu kwamba inauma wanaoshika simu. Jemadari alikufa kwa uzee, amelala kwenye jua, na nililia bila aibu. Nyambura sasa ni mwanamke, anatembea kwa magongo mawili, na ndiye anayeshika funguo za chumba cha matandiko. Ni mkali kuliko mimi. Chai haionjwi kwake mpaka farasi wanywe.

Kila farasi anayeingia hapa, mzee au mchanga, hufunzwa kwanza kusimama. Kama kuna kazi niliyoifanya duniani ni hiyo, na niliifanya vizuri, na sioni haya kusema.

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Juzi gari lilisimama langoni, mama mmoja akateremka, akamsaidia mumewe kushuka. Sikumtambua mpaka alipojaribu kunyoosha mgongo. Alikuwa Meneja. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kulia, na mdomo wake ukivuta maneno kwa shida.

"Daktari alisema... farasi inasaidia," mkewe akanieleza, akiona haya. "Nikamwambia mume wangu namjua mtu. Akasema na yeye anamjua."

Tulimpandisha kwa ngazi ya mbao tunayowapandishia watoto, Nyambura akimwelekeza mguu, mimi nikishika hatamu za Sukari, farasi jike mpole niliyemfunza mwenyewe. Tukaanza kuzunguka. Kwenye kona upande wake wa kulia ulimwishia nguvu, akaanza kwenda, polepole kama gunia linaloteleza kwenye mkokoteni. Mkewe akapiga yowe.

Sukari akasimama.

Nyambura alimsukuma begani, akamrudisha katikati. Meneja alikaa pale kitambo, mkono wake mzima umeshika singa za farasi, akihema. Nilidhani ataomba kushushwa.

"Imeningoja," akasema.

"Ndiyo, Meneja," nikamjibu. Kisha nikavuta hatamu, tukaendelea.