Kampeni ya Kiti Kisichopigiwa Kura

Nilipotuma maombi ya kazi ya uhakimu, kijijini nilimwambia mtu mmoja tu, baba yangu mdogo. Huyo alitosha. Sabato iliyofuata, kanisani kwetu Ikonge, alisimama wakati wa matangazo akasema binti yao anagombea kiti cha mahakama, na ukoo ukilala kitachukuliwa na watu wa ng'ambo ya mto.

Nilimweleza kwamba hakimu hachaguliwi kwa kura. Anaitwa kwenda Nairobi, anahojiwa na tume, na tume ndiyo inayoamua. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza mvua inatoka wapi. Kisha akaniuliza kama hao wa tume hawana masikio.

Basi nikawa mgombea. Sera yangu nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwenye maombi, kwamba nina uzoefu wa pande zote mbili. Kwa miaka kadhaa nilikuwa kiongozi wa mashtaka Nyamira, kazi yangu kuomba watu wafungwe. Baadaye nilifungua ofisi Kisii mjini, nikaanza kuomba waachiliwe. Baba mdogo aliipenda sera hiyo, ila aliiona ndefu. Akaifupisha ikawa "Amefunga, Amefungua", akaichapisha pamoja na picha yangu ya harusi. Mume wangu walimkata. Yeye ni mtu wa kando ya ziwa, na kamati ya kampeni iliona uso wake ungetupunguzia kura. Nilijikuta nimebandikwa hadi kwenye kituo cha majani chai, bega langu moja likiwa na vidole vya mtu asiyeonekana.

Jumapili moja waliitisha mkutano nyumbani kwa baba mdogo. Mama mmoja aliniuliza kama nitawafunga vijana wanaowapiga mama zao. Nikasema ndiyo, ushahidi ukiwepo. Akasema hakuuliza habari za ushahidi. Mpika chang'aa mmoja, ile pombe kali ya magendo, ambaye kila mtu pale alikuwa mteja wake, wakiwemo wazee wawili wa kanisa, aliuliza kama nitawaelewa watu wa biashara ndogondogo. Nilimjibu kwamba sheria ni ileile kwa wote. Akataka kujua, basi, nagombea ili iweje.

Kisha akasimama mwanamume niliyewahi kumshtaki kwa kumkata jirani yake panga. Alikuwa amekaa gerezani na kurudi. Nilijikaza, lakini alikuja kuniunga mkono. Alisema mimi nilimfunga bila chuki, na sasa, kwa kuwa nilishamfunga, ni haki yake nimkumbuke nikipata kiti. Watu wakampigia makofi. Nami nilianza kuamini kwamba uzoefu wa pande mbili ni kitu kikubwa kweli.

Aliyemfuata alikuwa kijana wa boda boda niliyemtetea katika kesi ya wizi wa ng'ombe, akaachiliwa huru. Huyo nilimtegemea. Akavua kofia.

"Mimi simtaki huyu," alisema. "Yule ng'ombe niliiba. Na yeye alisimama akaongea mpaka hata mimi nikaona sikuiba. Mtu wa ulimi kama huo mkimpa mahakama, mtajuta."

Hakuna aliyecheka. Hakuwahi kuniambia kwamba aliiba, nami sikuwahi kumuuliza. Mawakili tuna adabu ya namna hiyo. Mwenye ng'ombe alikuwa ameketi mstari wa mbele, kwenye kiti alichokileta mwenyewe kutoka kwake. Ni jirani yetu, mzee mpole. Siku ya kesi nilimuuliza kama katika Ikonge nzima ni ng'ombe wake peke yake aliyekuwa mweusi, na alipoanza kueleza jinsi alivyomlea tangu akiwa ndama nikamwambia ajibu ndiyo au hapana. Akajibu hapana. Mahakama ilicheka, nami nikaketi nimeridhika.

Sasa alinigeukia. "Mwanangu, amesema mwenyewe. Kata kesi."

Nilimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba mtu akishaachiliwa na mahakama hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile.

Akainuka. "Kumbe yeye hashtakiwi mara mbili," alisema, "ila mimi naweza kuibiwa mara mbili."

Akabeba kiti chake akaenda zake. Baba mdogo alitangaza kwamba chai iko tayari.

Nairobi waliniuliza uzoefu wangu umenifunza nini. Nilikuwa na jibu la kweli na jibu lililopigwa pasi. Nikatoa lililopigwa pasi, lenye mizani na macho yaliyofungwa kitambaa. Mjumbe mmoja aliandika. Kazi nikapata.

Nilipangiwa kituo cha kaskazini, mbali kabisa, kwenye joto na vumbi, kusikojulikana mtu wa Ikonge hata kwa bahati mbaya. Hivyo ndivyo wanavyofanya, na baada ya mkutano ule niliona wana akili. Baba mdogo hakuona hivyo. Alisema ukoo umefanya kampeni, mahakama imepewa wengine, na kanisani akawaambia watu kura zimeibwa. Mpika chang'aa alikubaliana naye.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa yule mzee. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikayasahau. Mkewe alituletea obokima, ugali wa wimbi, na mboga chungu za chinsaga, tukala tukizungumzia bei ya majani chai. Mwishoni aliniuliza huko niendako wanafuga nini. Nikamwambia mbuzi na ngamia.

"Akija mtu mwenye ngamia," alisema, "mwache amalize kusema."

Nikamwitikia. Alinisindikiza hadi barabarani, akanionyesha pahali penye utelezi, akarudi kukata nyasi za ng'ombe.