Tumbo Lililonipeleka Nyakahanga

Nilikwenda hospitali ya Nyakahanga kwa sababu ya tumbo langu na sheria niliyoitunga mwenyewe. Mimi ni mjane. Kanisani kwetu Rugu nilikuwa mkubwa wa akina mama, nikaamuru mwanamke asiye na mume akitokeza tumbo akae benchi la nyuma mpaka aeleze limetoka wapi. Katikati ya miaka ya themanini likanitokeza mimi. Paulina, msaidizi wangu, akanionyesha benchi. Adera, msichana niliyemweka pale mwenyewe, akasogea kunipa nafasi.

Jumatatu alfajiri nilipata baiskeli ya kunibeba. Penye kilima mwenye baiskeli akashuka, akasukuma huku anahema.

"Mama, mko wawili hapa?"

"Sukuma."

Baadaye nikashuka nikatembea. Mimba nilijua sina, ila uvimbe niliuogopa.

Mchana, hospitalini, muuguzi aliniamkia, akanilaza, akanibonyeza.

"Bibi, siku zako zilikoma?"

"Zilikoma."

"Basi si uvimbe. Ni mafuta."

"Mbona makalio yamekwisha?"

"Ndiyo hayo. Ulipokuwa unapata siku zako, homoni za kike zilipeleka mafuta mapajani na kwenye makalio. Zimepungua, sasa yanakaa tumboni. Halafu mwili wa umri wako hauchomi chakula kama zamani. Sahani umeipunguza?"

Nikatazama ukutani.

"Wengi inawapata," akasema. "Hata nyani wana homoni hizi hizi."

Nyani wanaomaliza mahindi yangu. Miaka yote nawatukana, kumbe natukana ukoo.

Jioni nilirudi kwa miguu, kilima chote, nikiwa mwepesi kuliko nilivyokwenda.

Jumapili nilisimama nikaeleza yote, mapaja na makalio, mpaka mchungaji akageukia dirisha.

"Basi rudi mbele," akasema Paulina.

"Kwanza simama, Paulina. Hiyo kanga mbona umeifungia kifuani?"

Akaishika. Nikawatazama wenzetu wa umri wetu mmoja mmoja. Kila mmoja akavuta kanga yake.

"Mama, futa sheria yako," akasema Paulina, "kabla hatujahamia nyuma sote."

Nikamshika Adera mkono tukaenda mbele. Tumbo lake sikuliuliza kitu. Nilichojifunza safarini ni kwamba tumbo la mtu hulijui kwa kulitazama, hata likiwa lako.

Sheria niliifuta siku ile ile. Sahani imenichukua muda zaidi.