Sanduku la Mwerezi

Baba yangu ni fundi seremala, na mwerezi uliokuwa nyuma ya jiko letu pale Mgori aliupenda kuliko watoto wake. Tuko sita na wote tunalijua hilo. Kwa miaka mingi aliwaambia waumini wenzake kwamba mti wa aina hiyo ndio uliojenga hekalu la Sulemani. Siku moja akapita bwana misitu, akakwaruza gome kwa kisu, akanusa, akasema huu ni mwerezi wa kutoka Amerika, kwenye nchi za joto, tena ni ndugu wa mkangazi, na Sulemani hakuwahi kuuona. Baba alimpa maji ya kunywa, akamsindikiza vizuri hadi barabarani, akarudi akisema, "Kijana yule hajasoma Biblia."

Mizizi ilipoanza kuinua ukuta wa jiko, mama alisema ubaki mti au abaki yeye. Baba alifikiri kwa siku tatu, jambo ambalo mama hajamsamehe mpaka leo. Kisha akaomba kibali, akauangusha, akaupasua mbao.

Mimi nafundisha Ikungi, na likizo ile nilikuwa nyumbani. Nisiwe mnafiki, mbao zilikuwa nzuri. Zilikuwa na wekundu wa kahawia, nyepesi hata mimi nilibeba mbili kwa mpigo, na randa ilipita juu yake bila ugomvi. Zikikauka hazijipindi. Tabu yake ni utomvu unaonata kwenye msumeno, vumbi lililotupigisha chafya nyumba nzima, na harufu. Harufu ya mwerezi haina adabu, inatangulia kufika na inakataa kuondoka. Mchwa na nondo hawaitaki kabisa, ndiyo maana watu wenye akili zao hutengenezea makabati ya nguo.

Baba akatengeneza sanduku la nafaka.

Kwetu nafaka ni mali ya mama. Ikishaingia kwenye kihenge, mwanamume hachungulii humo. Akichungulia ni sawa na kumwita mkewe mwizi, na majirani watalisikia kabla ya jua kuzama. Baba hakuchungulia. Alidai tu nusu ya mtama iwekwe sandukuni kwake, tuone fukusi watashinda wapi.

"Kihenge chako na majivu yako ya kufukuzia wadudu ni mambo ya zamani, mama," alimwambia.

"Na hilo sanduku lako ni la kuzikia," mama akamjibu, na kwa urefu wake hakukosea.

Mvua ilikuwa imetunyima mwaka ule. Mtama huo, wa kihenge na wa sandukuni, ndio pekee wa kuwafikisha wazee wangu kwenye mavuno mengine. Baba alipiga kufuli sanduku lake. Huyo ni mtu anayefunga hata kopo la misumari.

Miezi mitatu baadaye nilirudi, akanikaribisha ugali wake. Fukusi hakuwepo hata mmoja, hilo nakiri. Lakini ugali ulikuwa mchungu na ulinukia kama kabati la askofu. Kuku wetu, ambao nimewahi kuwaona wakidonoa sabuni, walionja makombo wakaenda zao. Mimi nilitema. Baba alimeza, machozi yakimlengalenga, akasema, "Mtamu." Mama, aliyekuwa akimpikia sufuria yake peke yake, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaenda kula wake jikoni.

Likizo iliyofuata nilimkuta mama jikoni anakula, mgongo ameupa mlango. "Shikamoo mama," nikasema, na kabla hajaitikia harufu ikanifikia. Mwerezi! Nilikwenda moja kwa moja kwenye kihenge, nikafunua. Palikuwa na vumbi, maganda na fukusi walionona.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka. Nachota akienda kanisani. Na ukimwambia baba yako, utafute mama mwingine."

"Na kufuli?"

"Siku hizi anasahau kufunga. Uzee huo."

Nilicheka sana. Nikaenda kwenye karakana ya baba nimcheke na yeye kimoyomoyo. Kufuli la sanduku lilikuwa limetundikwa ukutani, ufunguo ndani yake, limeshaota vumbi. Chini yake lilikuwepo kopo la misumari, limepigwa kufuli kama kawaida.

Kicheko kikaniisha.

Mchana baba alikula matonge manne, akasukuma sahani kwangu. "Nimeshiba. Utamu ukizidi unakinaisha." Aliposimama nikaona mkanda wake una tundu jipya, limetobolewa kwa msumari, mbali na yale ya kiwandani. Nilimpenda mzee yule mpaka nikakasirika.

Nilikula ugali ule wote, mchungu vilevile. Mama alipouliza kwa sauti kutoka jikoni kama chakula cha mzee kinalika, nikamjibu kwamba ni kitamu.