Barua Isiyo na Salamu

Siku hizi mnabonyeza simu tu, ujumbe umefika. Enzi zile, mwaka wa hamsini na tano hivi, Ikola nzima ilimtegemea Rehani mwenye duka kuandika barua na kuzisoma, naye alizisoma kwa sauti ya mnadani! Ndiyo maana Mwanaiddi, mwanika dagaa, alijiunga na kisomo cha akina mama.

Mumewe, Mustapha, alikuwa mgodini Mpanda. Safari hii aliandika: mkataba unaisha mwisho wa mwezi, wanataka nitie sahihi miaka miwili mingine. Nirudi au nibaki? Sema wewe.

Jamani, Mwanaiddi alimtaka mume wake! Lakini angelitamkaje neno hilo mbele ya Rehani? Akanunua penseli.

Basi kila akimaliza kuanika dagaa, anakaa na karatasi. Barua ya heshima ilianza na salamu: za wazazi, za majirani, za mashemeji wote. Akifika kwa shemeji wa tatu karatasi imejaa, mwandiko umepinda kama njia ya mbuzi, na moyo unamwuliza, "Nani kakudanganya unajua kuandika?" Anachana. Kesho. Kesho dagaa ni wengi. Keshokutwa penseli ni butu. Mnaweza kumwita mvivu, lakini mimi nasema aliogopa kuchekwa na mumewe.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi lori la dagaa la kwenda Mpanda likapiga honi.

"Dada, naondoka!" dereva Kalisti akaita. "Una barua au huna?"

"Subiri kidogo!"

"Kidogo chako nakijua tangu juma lililopita."

Akaketi juu ya gunia, akaandika bila salamu hata moja: Mustapha rudi. Nakutaka. Mwanaiddi.

Siku ya nne Mustapha akaruka kutoka kwenye lori, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Barua haina salamu! Nikajua ni msiba, mnanificha. Nimeacha mkataba mezani, nimelia njia nzima!"

"Hajafa mtu," Mwanaiddi akasema, macho chini. "Nilikutaka tu."

Mustapha akacheka mpaka akakaa mchangani. Mgodini hakurudi tena. Karatasi ile aliitunza ndani ya kofia yake miaka na miaka, ikinuka dagaa. Na zile salamu, Mwanaiddi alimpa kwa mdomo kila asubuhi, mpaka za shemeji wa tatu.